Kola za Laikipia: Pundamilia Waliobebeana Habari

Kwa miaka mingi watafiti wa wanyama katika nyika za Laikipia, katikati ya Kenya, waliijua nusu tu ya maisha ya pundamilia. Mchana waliwafuata kwa gari na darubini, wakaandika nani kala wapi na nani kaandamana na nani. Jua likizama, daftari lilifungwa. Na usiku ndio wakati simba anapowinda zaidi, kwa hiyo nusu iliyokosekana haikuwa ndogo.

Redio zilikuwapo. Mwaka 1961 ndugu wawili wa Marekani, Frank na John Craighead, walianza kuwavika dubu wa Yellowstone kola zenye redio, na mbinu hiyo ikasambaa duniani. Lakini kola ya aina ile ilitoa mlio tu. Mtu alilazimika kuwa karibu, antena mkononi, akiusaka mlio unatokea upande gani. Baadaye zikaja kola za setilaiti, ila kila ujumbe uligharimu fedha na kunyonya betri, hivyo mnyama aliripoti alipo mara chache tu kwa siku.

Daniel Rubenstein, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton aliyewachunguza pundamilia wa Kenya kwa muda mrefu, alitaka zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliungana na Margaret Martonosi, mtaalamu wa kompyuta wa chuo hicho hicho, pamoja na wahandisi na wanafunzi wao. Mradi ukaitwa ZebraNet. Makala yao ya kwanza ya mwaka 2002 ilitaja masharti mazito: kola ipime mahali mnyama alipo kila dakika 3, yaani mara 480 kwa siku, ifanye kazi mwaka mzima bila kuguswa na mtu, na isimlemee mnyama. Juu ya yote hayo, huko porini hakukuwa na mtandao wa simu wa kupokea vipimo hivyo.

Jibu lao lilikuwa kuwafanya pundamilia wenyewe kuwa mtandao. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wamepashana habari za malisho kwa njia inayofanana tangu zamani: aliyetoka mbali hukutana na mwenzake kisimani, humweleza alichokiona, na mwenzake huondoka na habari mbili, yake na ya aliyemwambia. Vivyo hivyo, kola mbili zilipokaribiana zilibadilishana vipimo. Mtafiti hakuhitaji kumpata kila mnyama. Alipita na gari lenye kipokezi, na kola chache alizokutana nazo zikampa habari za nyingine ambazo hakuziona siku hiyo. Hata tabia ya wanyama ilisaidia. Pundamilia wa kawaida huishi katika vikundi vya dume mmoja na majike kadhaa wanaotembea pamoja, kwa hiyo kumvika kola mmoja kulitosha kujua kundi zima liko wapi.

Ndani ya kola mlikuwa na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya biti 16, kipokezi cha GPS, redio ya megahezi 900 na kumbukumbu ya megabiti 4, sawa na kilobaiti 512. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Betri ilichajiwa na vipande vya sola vilivyozunguka shingo. Ugumu ulikuwa katika matumizi ya umeme. Maikrokontrola ilikula kidogo sana. GPS ilipowashwa, na zaidi redio ilipotuma, matumizi yaliruka makumi ya mara. Kwa hiyo muda mwingi kola ililala, ikaamka kupima, ikalala tena. Lakini redio mbili zinazolala kila moja kwa wakati wake haziwezi kusikilizana. Hapa GPS ikafanya kazi ya pili ambayo naiona kuwa nzuri mno: kwa kuwa setilaiti zake hutangaza saa sahihi, kola zote ziliamka kutafutana kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu ilipojaa, kola ilitunza kwanza vipimo vyake na kuacha vya wenzake. Gari lilipopokea kipimo, taarifa ya kwamba kimefika nayo ilisambazwa kutoka kola hadi kola, ili waliobeba nakala wazifute. Januari 2004 kola za kwanza zikafungwa shingoni mwa pundamilia nchini Kenya.

Tatizo linalofanana lilikuwa limejitokeza kwingine. Miaka michache kabla, mwaka 1999, Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walikuwa wamebuni itifaki ya MQTT, yaani kanuni za kutumiana ujumbe, kwa ajili ya vihisi vya mabomba ya mafuta, vilivyotuma vipimo kwa setilaiti ambako kila baiti ililipiwa. Wao walikuwa na laini, mbovu na ya gharama, lakini ipo. Wa Laikipia hawakuwa nayo kabisa. Hata hivyo sharti moja linafanana: mtumaji akitaka uhakika, huushika ujumbe hadi apate jibu kwamba umepokelewa.

Leo madukani katika barabara ya Luthuli, Nairobi, mwanafunzi hununua ubao wa ESP32, uliotoka mwaka 2016 ukiwa na Wi-Fi ndani yake. Anaunganisha kihisi cha joto, anaandika mistari michache, na vipimo vinaanza kumiminika kwenye seva kwa MQTT. Programu nyingi za kujifunzia hudhani mtandao upo daima. Wi-Fi ikikatika kwa saa moja, vipimo vya saa hiyo havirudi. Akitaka kuupeleka ubao huo shambani au porini, sharti aandike mwenyewe sehemu ya kuhifadhi vipimo, ya kutunza saa, na ya kutofuta chochote kabla seva haijajibu.