Kapsaisini na Mwasho wa Pilipili

Kapsaisini ni dutu ya kikemikali inayozalishwa na mimea ya jenasi ya Capsicum, yaani pilipili za aina zote ziwashazo, nayo ndiyo humfanya mlaji ahisi kinywa kinaungua ilhali chakula chenyewe pengine kimeshapoa. Jina hilo lilitolewa mwaka 1876 na Mwingereza John Clough Thresh, na Kiswahili kimelipokea kwa kufuata matamshi, kama kilivyopokea kafeini na nikotini, jambo lisilo na ubaya wowote, kwa kuwa dutu isiyoonekana kwa macho haikuwa na jina la kienyeji la kushindana nalo. Ugumu umo katika kuitaja athari yake.

Neno lililozoeleka ni ukali, lakini neno hilo limebeba mengi mno, maana siki ni kali, jua ni kali, dawa ni kali na mlinzi wa getini naye ni mkali. Istilahi inayofaa zaidi ni mwasho, kutokana na kitenzi kuwasha, ambacho Waswahili hukitumia kwa moto, kwa upupu na kwa pilipili, na ambacho ndicho kilichomo katika methali isemayo “pilipili usiyoila yakuwashiani?” Uteuzi huo unaungwa mkono na fiziolojia. Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi kiitwacho TRPV1, yaani protini iliyo kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ambayo kwa kawaida hufunguka joto linapofikia nyuzi 43 za Selsiasi hivi na kuupelekea ubongo taarifa ya kuungua. Kapsaisini hukifungua kipokezi hicho hicho pasipo joto lolote. Kwa ugunduzi huo Julius alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Mwasho, kwa hiyo, si ladha kama utamu au uchachu, na ndiyo maana huhisiwa hata machoni na kwenye ngozi ya vidole, mahali pasipo na uwezo wa kuonja. Ndege, ambao kipokezi chao hakiitikii kapsaisini, hudonoa pilipili kichaa bila kushtuka na kuzisambaza mbegu zake.

Mpishi wa nyumbani anayetumia pilipili mbuzi hukutana na tabia za dutu hii kila siku. Kapsaisini hutengenezwa katika nyama nyeupe inayoshikilia mbegu, wala si katika mbegu zenyewe, zinazowasha kwa sababu tu zimegusana nayo. Hivyo pilipili inayodumbukizwa nzima katika chungu cha maharage hutoa harufu yake nzuri na mwasho kidogo, ilimradi mwiko usiipasue. Kuchemsha hakuiharibu kapsaisini. Haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta, ndiyo sababu tui la nazi huusambaza mwasho katika mchuzi wote, na mtu aliyezidiwa husaidiwa na maziwa, yenye mafuta na protini ya kaseini, kuliko maji. Vidole vilivyokatakata pilipili husafishwa vyema kwa kupakwa mafuta ya kula kwanza, kisha sabuni, ingawa glavu huondoa usumbufu wote huo. Pilipili ikiangukia mafuta ya moto, chembe zake hupanda na mvuke na kuwapalia watu wote waliomo jikoni.

Kiasi cha mwasho hutajwa kwa vizio vya Scoville, kwa jina la mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville, ambaye mwaka 1912 aliizimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena kitu. Pilipili hoho ya leo ina sifuri, ingawa katika kamusi za zamani jina hoho lilihusu pilipili nyekundu iwashayo. Habanero, iliyo ya spishi moja na pilipili mbuzi, hufikia kati ya 100,000 na 350,000, na Pepper X, iliyotambuliwa na Guinness mwaka 2023 kuwa iwashayo kuliko zote, ina wastani wa 2,693,000. Siku hizi kapsaisini hupimwa kwa mitambo, na hesabu hufanywa kwa uzito wa tunda lililokaushwa, wakati tunda bichi linaloingia sufuriani sehemu yake kubwa ni maji.