Karatasi za Gombe na mwanamke aliyezitunza

Jane Goodall alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, magazeti yalirudia picha tuliyoizoea: msichana wa Kiingereza mwenye kaptula na darubini, sokwe akiwa hatua chache mbele yake. Alistahili heshima hiyo. Lakini bila maelfu ya karatasi zilizojazwa kwa mkono katika milima ya Gombe, simulizi lake lingebaki hadithi tamu ya porini. Karatasi hizo zina mlezi wake, ambaye ni wachache wanaomtaja: Anne Pusey.

Pusey alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwaka 1970, akiwa ndiyo kwanza amemaliza masomo Oxford. Alipewa kazi ya kuwaangalia sokwe na watoto wao. Mwaka 1977 akapata shahada ya uzamivu Stanford, kisha akaenda Serengeti na Craig Packer kufuatilia simba.

Huko nyuma Gombe ilikuwa imepigwa na dhoruba. Usiku wa Mei 19, 1975, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire na kuteka wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti. Walikuwa wafuasi wa Laurent Kabila, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1997. Mateka waliachiwa kwa awamu, wa mwisho mwezi Julai, lakini watafiti wa kigeni walikwisha kuondolewa. Kazi ya miaka 15 ingeweza kufa palepale.

Haikufa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao, waliendelea kupanda milima ile kila alfajiri.

Utaratibu wao ulikuwa mgumu kuliko unavyosikika. Wawili wanamwahi sokwe mmoja kabla hajashuka kwenye kiota chake, wanamfuata kutwa hadi anapojenga kingine jioni. Mmoja anajaza fomu: nani kaja, nani kaondoka, wanakula nini, wako wapi kila baada ya dakika 15. Mwingine anaandika maelezo ya yanayotendeka. Maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiswahili. Mtu anayedhani lugha yetu haijabeba sayansi aende akahesabu kurasa hizo.

Miaka ikaenda, karatasi zikajaa nyumbani kwa Goodall, Dar es Salaam. Anayeijua pwani anajua joto na unyevu vinavyoiharibu karatasi. Pusey, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, aliona hatari hiyo, na mwaka 1995 kituo cha kuzihifadhi kikaanzishwa chuoni kwake. Fomu zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, maelezo ya Kiswahili yakatafsiriwa, na jina la kila sokwe likaunganishwa na mama yake, watoto wake, cheo chake na maradhi yake. Mwaka 2010 Pusey alihamia Chuo Kikuu cha Duke, na kazi hiyo akaendelea nayo huko.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana ulipofika wakati wa kuamua ugomvi mmoja mkubwa.

Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi la Kasekela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, akila peke yake. Walimkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata, wakamwacha na majeraha. Hakuonekana tena. Hadi mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka. Kilichowaumiza zaidi watafiti ni kwamba waliouana walikuwa wamekulia pamoja. Kundi lao moja lilikuwa limepasuka miaka michache tu nyuma.

Wapo waliosema lawama ni ya binadamu. Tangu miaka ya 1960 sokwe walikuwa wakipewa ndizi kambini, na wakosoaji wakadai kwamba ndizi ndizo zilizoleta kugombana. Margaret Power aliandika kitabu kizima kuhusu hoja hiyo, mwaka 1991.

Jibu lilikuwa limelala kwenye makabati. Joseph Feldblum, Pusey na wenzao walirudi kwenye orodha za kambi ile ile ya ndizi, wakafuatilia ni madume gani walifika pamoja na nani waliachana. Mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: hadi miaka ya mwisho ya 1960 madume walikuwa kitu kimoja, kisha kufikia mwaka 1971 ufa unaonekana wazi. Mzee mmoja aliyeitwa Leakey, aliyekuwa akielewana na pande zote, alikufa mwaka 1970. Humphrey alitwaa ukubwa, na Charlie na Hugh wa kusini, upande uliokuja kuwa kundi la Kahama, wakawa wapinzani wake. Majike waliokuwa tayari kuzaa nao walikuwa wachache. Waandishi hawa wanaupa mvutano wa madaraka uzito mkubwa, na mimi nimeshawishika: mpasuko umo ndani ya karatasi, siku kwa siku.

Kumbukumbu hizo hazikuishia kwenye vita. Sokwe wa chini humwamkia mkubwa kwa mguno wa pekee, ndiyo shikamoo yao. Kwa kuhesabu miguno iliyoandikwa kwa miaka mingi, Pusey na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba watoto wa majike wa vyeo vya juu hupona zaidi. Mwaka 2009 kumbukumbu za vifo zilisaidia kuonyesha kuwa virusi vya jamii ya VVU huua sokwe wa mwituni, jambo lililokuwa halijathibitishwa. Na zilipojumlishwa sababu za vifo, maradhi yakaongoza. Ndiyo maana mgeni wa Gombe leo huambiwa akae mbali na sokwe, na mwenye mafua asipande mlimani.

Pusey amestaafu. Karatasi sasa ziko Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, chini ya uangalizi wa Ian Gilby, aliyewahi kufanya utafiti Gombe. Zimetunzwa vizuri, na inauma kidogo kwamba mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kuona mwandiko wa mzee wa kijijini kwao atalazimika kuvuka bahari. Huko Gombe, wasaidizi wa utafiti bado wanaamka kabla ya sokwe.