Mvua Ilinyesha, Udongo Ukabaki Mkavu

Kila msimu wa mvua unapokaribia sisi watangazaji husoma utabiri: mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani, au chini ya wastani. Mtu wa Kariakoo akisikia neno "wastani" hutulia, akijua unga hautapanda bei. Lakini ukiifuatilia historia ya njaa katika nchi yetu utaona kwamba hesabu ya mvua iliyonyesha ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni maji mangapi yamebaki ndani ya udongo, na yatadumu siku ngapi.

Chukua Kongwa. Mwaka 1946 Uingereza, ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, aje na wenzake kutazama kama karanga zingeweza kulimwa hapa kwa wingi. Likatoka pendekezo la ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka. Habari za matrekta kuharibika zimesimuliwa mno, hata watu hucheka. Udongo wenyewe hautajwi sana, na mimi naona ndiko kulikokuwa na hukumu. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliokuwa ukila vyuma vya kulimia, pamoja na mfinyanzi ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji. Karanga, kama unavyojua, huzaa chini ya ardhi. Mvua ikikatika mapema, mmea hukosa maji, na hata kile kilichokwisha kuzaa hufungiwa humo humo. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36.

Jambo la kusikitisha ni kwamba elimu ya udongo ilikuwapo hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, aliizunguka Tanganyika akichimba mashimo na kutazama. Alionyesha kwamba udongo hufuatana kama mnyororo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni: juu rangi moja, mteremkoni nyingine, chini kabisa mbuga nyeusi. Mnyororo huo akaupa jina la Kilatini ambalo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia hadi leo. Wasukuma hawakuhitaji Kilatini. Wao walikuwa na majina yao zamani, tangu luseni ya mchanga huko juu hadi mbuga ya chini, na walijua zao gani lipandwe wapi.

Maana yake kwa ukame ni hii. Mvua ile ile, ya siku ile ile, ikinyesha juu ya kilima kimoja, haimwachii kila mkulima maji sawa. Mita moja ya kina cha udongo wa mchanga huweza kumhifadhia mkulima maji yasiyofika milimita 100. Udongo wa mfinyanzi huweza kuhifadhi zaidi ya milimita 175. Mahindi yaliyokomaa majani katika jua kali hutumia kama milimita 5 kwa siku. Basi fanya hesabu mwenyewe: mvua ikisimama, wa mchangani hata akijaliwa milimita 100 kamili ana siku 20, wa mfinyanzi ana 35. Mvua ikirudi siku ya 25, mmoja anavuna, mwingine anaomba msaada, na kipimo cha mvua cha wilaya kinasema msimu ulikuwa wa wastani.

Dodoma hupata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na jua lake lina uwezo wa kunyonya zaidi ya milimita 2,000. Ndiyo sababu Wagogo walishikilia mtama na uwele. Hata hivyo, nafaka inayovumilia ukame haitoshi kama ghala limekombwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi Ugogo. Ukame ulipofuata ukawakuta watu hawana akiba. Njaa hiyo, iliyoendelea hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa.

Namna ya kuhesabu maji ya ardhini ilipatikana baadaye. Mwaka 1948 Howard Penman wa Rothamsted, Uingereza, alitoa kanuni ya kukadiria maji yanayopotea hewani kwa kutumia jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Charles Pereira na wenzake wa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, Kenya, waliifanyia kazi kanuni hiyo katika mabonde yetu, pamoja na milima ya Mbeya. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, Muguga ikabaki Kenya. Miaka miwili baadaye, 1979, wataalamu wa FAO, Frère na Popov, walitoa hesabu rahisi: kila siku kumi chukua akiba ya udongo, ongeza mvua, toa kinachonywewa na zao, kisha uone zao limepata asilimia ngapi ya haja yake. Likishuka chini ya asilimia 50, huhesabiwa limeshindwa. Kwa karatasi na kalamu afisa wa wilaya angeweza kuiona njaa miezi kadhaa kabla ya gunia la kwanza kukosekana sokoni.

Siku hizi kazi hiyo inasaidiwa na setilaiti. Ile ya Ulaya, SMOS, ilirushwa Novemba 2009, na ya Marekani, SMAP, Januari 2015. Udongo mkavu hutoa mawimbi ya redio yenye nguvu kuliko udongo wenye maji, na chombo kikiwa angani hupima tofauti hiyo. Sisi watu wa redio hatuna budi kulipenda jambo hili. Lakini hupima sentimita 5 tu za juu, na kila kipimo kinachanganya eneo lenye upande wa makumi ya kilomita, yaani kilima cha Milne chote, luseni na mbuga pamoja. Bila mashimo na vipimo vya chini, picha ya angani ni nusu.

Wala udongo wenyewe haukai ulivyokuwa. Kondoa mmomonyoko ulichimba makorongo mpaka serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Majani yalirudi, ingawa wenye ng'ombe waliumia. Udongo unapochukuliwa na maji, tangi la mkulima limepungua, na ukame umeongezeka pasipo mvua kupungua hata tone.

Mfumo wa tahadhari ya njaa ambao Marekani iliuanzisha mwaka 1985, baada ya njaa ya Ethiopia, ulitegemewa na serikali na mashirika mengi ya kanda hii. Januari 2025 fedha zake zilisimamishwa na tovuti yake ikazimwa. Ilirejea miezi kadhaa baadaye, wakati msimu mzima wa masika ulikuwa umekwisha kupita.

Mamlaka yetu ya hali ya hewa hutaja unyevu wa udongo katika ushauri wake kwa wakulima. Katika vyumba vya habari sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa muda unapobana. Mimi ningependa isomwe kwa tarakimu, wilaya kwa wilaya: Kongwa, udongo wa mchanga, akiba ya siku 9, udongo wa mfinyanzi, siku 22. Mwenye duka la nafaka Tandale ataielewa, na mkulima wa Kongwa pia.