Kabla ya simu kulikuwa na foni

Wasikilizaji wetu wa Beni na Butembo, wazee wataikumbuka foni. Kabla simu za mkononi hazijaenea kwetu katika miaka ya 2000, misheni, hospitali na wafanyabiashara waliongea kwa redio hiyo. Ilihitaji betri ya gari na waya mrefu uliotundikwa juu ya miti, na sauti ilifika mamia ya kilomita bila mnara wowote. Ubaya wake, kila mwenye foni aliweza kusikia, hata mwenye bunduki.

Simu ilileta siri, lakini inategemea mnara. MONUSCO, iliyochukua nafasi ya MONUC mwaka 2010, ilisimamia mitandao ya tahadhari: viongozi wa vijiji walipewa simu, na pasipo na mtandao walipewa foni, ili waite walinda amani. Hata hivyo mauaji makubwa yaliyoanza Beni Oktoba 2014 hayakukoma. Tarehe 13 Agosti 2016 yalifika Rwangoma, ndani ya mji wenyewe.

Foni na simu hupeleka kilio tu, hazileti askari. Kwa hiyo familia zilizokimbia zikiambiwa zirudi shambani, ziulize mambo mawili: kijiji kitaita kwa njia gani, na nani ataitika, baada ya muda gani?