Mwano Haunukuliwi

Katika dunia ya wasomi, mtu hupimwa kwa mambo mawili: amechapisha makala ngapi, na wenzake wamemnukuu mara ngapi. Ukinukuliwa sana, wewe ni mkubwa. Usiponukuliwa, hata kama kichwa kinachemka, haupo. Mzani huo leo nataka tuupeleke Usukumani, maana naona kuna watu umewapunja.

Chukua nadharia ya michezo. Usidhani ni habari ya bao au kandanda. Ni hesabu ya maamuzi: nifanye nini mimi, nikijua kwamba na wewe unawaza nitafanya nini? Mmarekani John Nash alichapisha makala ya kurasa mbili mwaka 1950, na kazi yake hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Kurasa mbili, jamani!

Mwaka 1982 Mjerumani Werner Güth na wenzake wawili wakachapisha jaribio ambalo wasomi hawajaacha kulinukuu. Mtu anapewa fedha agawane na mwenzake. Yeye anataja mgawo, mwenzake anakubali au anakataa. Akikataa, wote wanaondoka mikono mitupu. Kwa hesabu ya ubinafsi, mwenzake angepokea hata shilingi moja. Lakini wengi wakipunjwa sana hukataa: heri tukose wote! Vijana wa machimbo ya Geita, wanaogawana mifuko ya mawe na mwenye duara, wala hawatashangaa.

Sasa sikiliza. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa themanini, upande wa Kahama na Nzega, wanakijiji walikuwa na mchezo wao, tena wa kufa na kupona. Vita vya Kagera vya 1978–79 vilikwisha, bunduki zikazagaa, wezi wa ng'ombe wakatamba. Polisi walikuwa wachache na mbali. Mwano ukipigwa usiku, kila mtu anataka ng'ombe warudi, lakini nani atoke akachomwe mshale? Nikilala mimi, wengine watakwenda. Wote wakiwaza hivyo, ng'ombe wamekwenda.

Jibu lao liliitwa sungusungu, kama wale siafu weusi wanaong'ata. Mwano ukilia, kila mwanamume atoke na upinde, wafuate nyayo, wakabidhiane kijiji kwa kijiji. Asiyetoka analipa faini. Akigoma kulipa, anatengwa: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, akifiwa anazika mwenyewe. Hapo ndipo penye akili. Kumpiga mkaidi kuna gharama, lakini kutomsalimia hakukugharimu hata senti. Wanahesabu wa michezo wameumia vichwa kwa swali hilo la nani atabeba gharama ya kuadhibu. Kahama walikuwa wameshalijibu.

Tuje kwenye kumbukumbu za machapisho. Ray Abrahams wa Cambridge aliandika juu ya sungusungu katika jarida la African Affairs mwaka 1987. Msomi wetu Sufian Bukurura alifuata mwaka 1994. Mwaka 2003 Brian Paciotti na Craig Hadley wakachapisha katika Current Anthropology matokeo ya jaribio lilelile la kugawana fedha, safari hii kwa Wapimbwe na kwa Wasukuma waliohamia Rukwa na mifugo yao. Wasukuma walitoa mafungu manono kuliko majirani zao. Waandishi wakaihusisha tofauti hiyo na taasisi za Kisukuma zinazovuka mpaka wa kijiji, sungusungu ikiwemo. Kila anayeinukuu makala hiyo, hesabu inakwenda kwa Paciotti na Hadley. Ni haki yao, wameandika. Lakini waliotunga kanuni zenyewe hesabu yao ni sifuri.

Sisemi wale wazee walikuwa malaika. Sungusungu walitesa watu, na wapo waliokufa mikononi mwao. Vikongwe waliosingiziwa uchawi hawakupata salama Usukumani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji hayo mwaka 1994. Silaha ya kumtenga mtu haichagui: inamnyoosha mwizi, inamvunja pia bibi asiye na kosa. Na hilo nalo ni somo la nadharia, kwamba kanuni inayofanya watu washirikiane si lazima iwe ya haki. Serikali ilipoitambua sungusungu kisheria mwaka 1989, swali hilo halikuisha.

Basi ndugu yangu unayeota kuwa mwandishi na kukimbilia kuandika juu ya New York usiyoijua, fikiri. Kijana wa miaka 25 aliyekimbiza wezi mwaka 1982 sasa amevuka sitini. Yuko Kahama, yuko Geita, labda ni babu yako. Anajua faini ya kwanza ilikuwa nini, nani alipinga, nani alionewa. Kaa naye, uliza, andika, weka jina lake kwa ridhaa yake na mwaka. Msomi wa kesho hawezi kumnukuu mtu ambaye hakuna aliyemwandika.