Uangalizi wa somo katika Tusome

Uangalizi wa somo ni kumtembelea mwalimu darasani ili kumsaidia aboreshe ufundishaji wake. Nchini Kenya ulienea kupitia Tusome, mpango wa kusoma Kiswahili na Kiingereza ulioanza mwaka 2015 katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Afisa wa mitaala aliketi nyuma na kishikwambi, akafuatilia hatua za somo, kisha akawapa wanafunzi wachache kifungu wasome, mmoja mmoja, huku akihesabu maneno waliyoyapatia. Halafu alikaa na mwalimu wakazungumza: lipi limefaulu, lipi lirekebishwe. Hapo ndipo penye thamani yote. Bila mazungumzo hayo, ziara hubaki ukaguzi mtupu. Ili kuhimiza ziara hizo, afisa alirudishiwa nauli kulingana na ziara zilizothibitishwa na kishikwambi chake.