Kujulia Hali kwa Simu: Historia Fupi ya Istilahi

Mtafsiri anayeletewa maelezo ya mpango wa zahanati wa kuwaandikia wagonjwa kwa simu hukumbana kwanza na tatizo la jina. Ofisini Tanzania huandikwa ujumbe mfupi wa maneno; katika maandishi ya Kenya neno arafa limeenea zaidi; na watu wenyewe, wawe wa Ruponda au wa Nairobi, husema meseji. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo, ambao kwa maoni yangu si mkubwa kama unavyodhaniwa. Lililo zito ni jina la tendo. Zahanati inapomwandikia mgonjwa, je, inamwarifu, inamkumbusha, au inamjulia hali?

Tuanze na mkoa wa Lindi, ambamo Ruponda imo. Kati ya mwaka 2009 na 2010, vituo 129 vya tiba katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilipelekewa ujumbe kila Alhamisi, watumishi wakiulizwa akiba ya dawa za malaria. Mwanzoni zaidi ya nusu ya vituo vya Lindi Vijijini vilikuwa vimeishiwa dawa ya aina moja au zaidi. Baada ya majuma 21 hapakuwa na hata kimoja. Hapo neno taarifa latosha kabisa, kwa kuwa hesabu yaombwa na hesabu yatolewa.

Mwaka 2012 ikaanzishwa nchini kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito aliandika neno MTOTO, akalipeleka kwenye namba 15001, kisha akapokea bila malipo ushauri na makumbusho ya kliniki. (Jina la kampeni lenyewe lastahili sifa: anayesema ni mtoto ambaye hajazaliwa.)

Lakini tukio lenye mafunzo zaidi kwa mwanaistilahi lilitokea Kenya. Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika kliniki tatu, watu 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliandikiwa kila juma neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", pamoja na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalitolewa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: kwa maelezo yao wenyewe, walioandikiwa walishika dawa ipasavyo kwa asilimia 62, na wasioandikiwa kwa asilimia 50.

Yafaa tuutazame ujumbe huo kwa makini. Haukutaja dawa, wala ugonjwa, wala kliniki. Simu katika nyumba zetu mara nyingi hupita mikononi mwa watu wengi, na shemeji aliyeisoma "Mambo?" aliona salamu tu. Laiti ungeandikwa "Kumbuka dawa zako", siri ya mtu ingekuwa barazani kabla ya jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya katika taarifa nyeti. Wale wahudumu walikwisha kuilinda siri hiyo kwa uteuzi wa neno.

Kwa hiyo kuuita ujumbe huo kikumbusho, kama wafanyavyo baadhi ya watafsiri, ni kosa. Kiswahili kina neno lake la zamani, kujulia hali, na mgonjwa ndiye hasa anayejuliwa hali. Napendekeza ujumbe wa kukumbusha ubaki kwa tarehe za kliniki, na huu uitwe ujumbe wa kujulia hali. Wala neno "Mambo?" lisichukuliwe lilivyo na kupelekwa kila mahali. Hiyo ni salamu ya vijana. Mzee wa Ruponda akiandikiwa hivyo na mganga wake atadhani amekosewa namba. Kwake "U hali gani?" yafaa zaidi.

Limebaki jina la yule asiyejibu. Katika vituo vyetu mtu aliyeacha kuhudhuria husikika akiitwa mtoro, neno la mwanafunzi aliyekimbia shule. Kituo kinachomwandikia mtu kumjulia hali, kisha kikamwita mtoro daftarini, kina lugha mbili kwa mtu mmoja. Asiyehudhuria lingefaa, na halihitaji kamati.